Nakala ya filamu unayosajili ndiyo shahidi wako

Watayarishaji wengi wa filamu hapa Kisumu na Nakuru hukumbuka kusajili hakimiliki siku wanapoikuta kazi yao kwenye chaneli ya mtu mwingine. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakulinda hata kabla hujajaza fomu yoyote. Filamu ikisharekodiwa, haki ipo, na hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kutolewa kwa umma. Usajili unakupa ushahidi. Mkifikishana mahakamani, cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) huchukuliwa kuwa ushahidi wa awali kwamba kazi ni yako, na anayebisha ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Je, nakala uliyowasilisha ikiwa mbovu, cheti kitashuhudia nini?

Kwa hivyo, tafadhali, usiharakishe kupakia faili. Trela si filamu. Toleo la majaribio lenye maandishi ya mhariri katikati ya picha, na sehemu zisizo na sauti, pia si filamu. Wasilisha kazi iliyokamilika, ile ile utakayoiuza au kuionyesha. Kabla ya hapo, ifungue kwenye mashine nyingine na uitazame hadi majina ya mwisho yapite. Faili inayocheza vizuri kwenye kompyuta ya mhariri kule Kondele huenda ikagoma kwingine.

Majina hayo yasome polepole. Jina la filamu kwenye fomu lilingane na lililo kwenye picha. Kisheria, mwenye kazi ya filamu ni yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza, kwa kawaida mtayarishaji, wala si mpiga picha au nyota wa filamu. Vijana wakichanga pesa, wakapiga picha ufuoni Dunga, kisha mmoja akasajili kwa jina lake pekee, ugomvi umeshaanza. Andikianeni mkataba kabla kamera haijawashwa, kwani hakimiliki haihamishwi kwa maneno ya mdomo. Mwandishi wa skripti naye ana haki yake katika skripti, na anaweza kuisajili kando.

Wimbo wa benga ulioutia kwenye tukio la harusi haugeuki wako kwa sababu filamu imesajiliwa. Tafuta ruhusa ya maandishi kwa wenye wimbo.

Tena, cheti cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB) hueleza filamu inafaa watazamaji wa umri gani. Hakisemi ni mali ya nani.

Ukishasajili, usifute picha ghafi, faili za uhariri wala mikataba. Ziweke kwenye diski mbili, kila moja nyumba yake. Kwa aliye Nyando au Budalang'i, ambako mafuriko huingia hadi sebuleni, diski ya pili ikae kwa jamaa anayeishi mlimani.