Fort Jesus: kutoka gereza la wakoloni hadi makumbusho ya taifa

Juu ya lango la Fort Jesus, Mombasa, kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1635 ambayo wageni wengi huyapita bila kuinua macho. Yaliwekwa na Francisco de Seixas de Cabreira, kamanda aliyepewa ngome hii akiwa na umri wa miaka 27. Anajigamba humo kwamba amewatiisha watu wa pwani, amebomoa kuta za miji ya Pate na Siyu, na huko Pemba amewaua wakubwa wa kisiwa. Mgeni akianza ziara kwa kusomewa maneno hayo, ataelewa upesi ngome hii ilijengwa kwa kazi gani.

Majigambo hayo yalikuwa na sababu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, wapate kuishika bandari ya Mombasa na njia yao ya kwenda India. Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani aliyeuawa kwa njama za Wareno, alipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India, akabatizwa, kisha akarudishwa kutawala Mombasa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kamanda na kurudi katika Uislamu. Kikosi kilichotumwa kutoka Goa kilishindwa kumtoa. Wareno walirudi mwaka 1632 baada ya Yusuf mwenyewe kuondoka na kuiacha ngome. Lile jiwe la langoni linamtaja kama mfalme dhalimu, wala halisemi neno juu ya baba yake.

Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Njaa na maradhi viliua wengi mno waliokuwa ndani. Santo António de Tanna, jahazi la kivita lililokuja kuwaokoa, lilizama chini ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa na wapigambizi katika miaka ya 1970 vimo katika maonyesho yetu hapa ngomeni. Baadaye Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman, waliitawala, hadi Seyyid Said, sultani wa Oman, alipoitwaa mwaka 1837.

Mwaka 1895 Waingereza waliifanya gereza, nayo ikabaki gereza kwa miaka 63. Kwa maoni yangu, kipindi hiki hupewa nafasi ndogo mno katika masimulizi ya ngome. Tunasimulia mizinga na masultani kwa kirefu, kisha wafungwa tunawamaliza kwa sentensi moja, ilhali wao ndio walio karibu nasi zaidi kwa wakati.

Gereza lilipohamishwa mwaka 1958, ngome ilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ulitoa pauni 30,000, na mwanaakiolojia James Kirkman akasimamia uchimbaji na ukarabati. Majengo ya gereza yaliondolewa ili misingi ya kale ionekane, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 milango ikafunguliwa kwa umma.

Kati ya yaliyohifadhiwa, ninachokithamini kuliko vyote ni kipande cha lipu ya ukuta kilichotoka katika buruji (sehemu ya ukuta wa ngome iliyochomoza pembeni) la San Mateus. Askari wa Kireno walikichora kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu zenye matanga, samaki, watu. Hakuna aliyewaagiza, na michoro yenyewe si ya mafundi. Hao ndio watu wa kawaida waliotumwa kuushika mji usio wao, na bila ukuta ule tusingekuwa na alama yoyote ya mikono yao.

UNESCO iliiingiza ngome katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mawimbi yalikuwa yakiula mwamba wa matumbawe inakosimama, hivyo ukuta wa kuzuia bahari ukajengwa upande wa mashariki. Adui aliyebaki ndani ni mkono wa mgeni. Jasho na mafuta ya vidole huharibu lipu na rangi za kale. Ukifika mbele ya michoro ile, itazame kwa muda utakao, lakini usiiguse.