Kansa ya ovari (vifuko vya mayai ya mwanamke) kabla na baada ya kukoma hedhi: maswali mnayoniuliza sana

Eti ukiipata baada ya kukoma hedhi ndo basi tena?

Hapana jamani. Kweli wengi wanaoipata wameshakoma hedhi na wengi hali yao inakuwa mbaya kuliko ya mabinti, lakini kinachowaponza sio kukoma hedhi kwenyewe, ni kwamba aina inayowapata mara nyingi ni ile kali inayosambaa tumboni mapema, na wanafika hospitali ikiwa steji ya 3 au ya 4. Ikikutwa bado imo ndani ya ovari tu, kwa takwimu za Marekani wanawake zaidi ya 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 5 baadaye.

Sasa kwa nini wanachelewa hivyo?

Dalili zake zinafanana na gesi! Mama wa miaka 60 huko Mbagala tumbo limejaa, akila vijiko viwili ameshiba, chooni kila saa, kitenge kinambana kiunoni huku mashavu na mikono imekonda, anaenda duka la dawa anapewa dawa ya gesi, akirudi anapewa ya vidonda vya tumbo, akirudi tena ya minyoo, miezi inakatika. Hii inaniuma sana. Tumbo lile linaweza kuwa limejaa maji. Ukiona hali hiyo karibu kila siku kwa wiki 2 au 3, nenda hospitali uombe altrasaundi. Na kile kipimo cha mlango wa kizazi hakionyeshi kansa ya ovari, msijipe moyo nacho.

Mabinti je?

Wao mara nyingi wanapata aina nyingine, inayoanzia kwenye chembe za mayai yenyewe, inakuwa upande mmoja na inasikia kemo (dawa za kuua kansa) vizuri sana, wengi wanapona kabisa. Daktari anaweza kutoa ovari moja akaacha nyingine pamoja na kizazi, kwa hiyo kama bado unataka mtoto sema kabla ya operesheni.

Nina miaka 32, kipimo cha damu cha CA-125 kimetoka juu, ni kansa?

Sio lazima. Hedhi, faibroidi, mimba, maambukizi ya kizazi, vyote vinaipandisha. Kwa aliyekoma hedhi ndo inatiliwa uzito zaidi.

Ukishagundulika unayo, nini kinaamua kama utapona?

Mara nyingi operesheni kwanza, ingawa wengine wanaanza na kemo. Uvimbe wote unaoonekana ukitolewa matumaini yanaongezeka sana, ndo maana ni bora akufanyie bingwa wa kansa za wanawake, na kwa Dar ulizia Ocean Road au Muhimbili. Halafu kemo, kawaida mizunguko 6 kila baada ya wiki 3, na hapa ndo umri unaingia maana wamama wengi wana sukari, presha au figo zimechoka, sasa ukimficha daktari dozi inakutesa na unaishia kukatisha njiani. Nauli ikikwama waambie ustawi wa jamii wa hospitali mapema, usikae kimya nyumbani.

Inarithiwa?

Baadhi ndiyo, kupitia jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zinaleta na kansa ya matiti. Kama mama, dada au shangazi aliugua mojawapo mtajie daktari, hata kama wewe bado unapata siku zako.