Wapima hawakuzaliwa na kisukari

Kwa miaka mingi Wapima, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, wametajwa kama watu ambao kisukari kimo damuni mwao. Ugonjwa umewaelemea kweli, na urithi una nafasi yake. Lakini wana ndugu zao wa nasaba huko Maycoba, Mexico. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta kisukari aina ya 2 kwa takriban asilimia 7 ya watu wazima wa Maycoba, na asilimia 38 kwa wale wa Arizona. Nasaba inakaribiana, maisha ndiyo yaliyoachana.

Wapima hujiita Akimel O'odham, yaani watu wa mto. Walikuwa wakulima hodari hadi walowezi walipochepusha maji ya Mto Gila mwishoni mwa karne ya 19. Mashamba yakakauka, njaa ikaingia. Baadaye wengi wakategemea mgao wa serikali: unga mweupe, sukari, mafuta ya kupikia. Sehemu hii ya habari huachwa mara nyingi, na inaniuma, kwa sababu bila hiyo mgonjwa hubebeshwa lawama ya mto ulioporwa. Haki yao ya maji ilikuja kuthibitishwa kwa sheria ya Marekani ya 2004.