Je, wajua kwa nini kitu ulichokwisha kukilipia huendelea kukudai?

Wengi wetu hudhani kwamba gharama ya kitu huisha pale fedha inapotoka mkononi, kumbe hapo ndipo inapoanza. Kila kilichomo nyumbani hudai mahali pa kukaa, hudai kufutwa vumbi, kutengenezwa, kutafutwa kinapopotea na kubebwa mwenyewe anapohama. Na juu ya yote hayo hudai macho. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Stephanie McMains na Sabine Kastner, walionyesha kwamba vitu vingi vinapoonekana kwa pamoja hugombea nafasi katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, hivyo mtu hulazimika kujitahidi ili akazie kimoja tu. Ndiyo maana meza iliyoondolewa makorokoro humpa mtu nafuu hata kabla hajaanza kazi.

Tena, kitu huita kitu. Mwandishi Mfaransa Denis Diderot alisimulia mwaka 1769 jinsi alivyopata joho jipya la kuvaa nyumbani, likapendeza kiasi cha kuvifanya vyombo vyake vya zamani vionekane duni. Kiti chake cha majani kikampisha kiti cha ngozi, na vingine vikafuata, hata akalililia joho lake kuukuu.

Basi kwa nini tusiviache tu? Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe: waliopewa walitaka bei iliyokuwa takribani maradufu ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kuvinunulia. Kitu kikishakuwa chetu, hupanda thamani machoni petu.

Sisemi kwamba uhaba ni fadhila, kwani asiyekuwa nacho hakuchagua. Nasema na mwenye droo isiyofunga: ndani mna chaja ya simu isiyokuwepo tena, miwani iliyovunjika mkono na funguo tatu ambazo hakuna anayezikumbuka kufuli zake. Akijiuliza “nitakihitaji siku moja?” vyote vitabaki. Akijiuliza “kama nisingekuwa nacho, ningekinunua leo?” atabakiwa na mkasi na tochi, na usiku umeme ukikatika ataipata tochi hiyo kwa kupapasa mara moja.