Theluji Kuanguka Baada ya Kunyunyizia Wingu Si Ushahidi
Tangu mtafiti Mmarekani Vincent Schaefer alipodondosha barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) ndani ya wingu mwaka 1946, wengi huamini kwamba theluji ikianguka mlimani baada ya wingu kunyunyiziwa chembe za kemikali iitwayo iodidi ya fedha, basi binadamu ndiye aliyeileta. La hasha: huenda ingeanguka hata wingu lingeachwa. Chembe hizo haziumbi wingu. Hugandisha tu matone ambayo bado ni maji ingawa yamepoa chini ya nyuzi 0. Ndiyo maana huko Wyoming, Marekani, watafiti walichagua kwa bahati nasibu, kati ya safu mbili jirani za milima, ipi inyunyiziwe na ipi iachwe, kisha wakalinganisha vipimo. Mwaka 2017, huko Idaho, rada ilionyesha mistari ya theluji ikifuata njia ya ndege iliyonyunyizia. Huo, kwangu, ni ushahidi mzito.