Uchovu Usioisha Haraka Baada ya Upasuaji wa Moyo

Kidonda kimekauka na maumivu yamepungua, lakini mgonjwa akioga tu, lazima ajilaze. Wiki ya 5 au ya 6 hali hiyo bado ni ya kawaida. Kama kifua kilifunguliwa, uchovu huchukua miezi 2 hadi 3 kupungua, na kwa wazee au waliougua muda mrefu kabla ya kupasuliwa huweza kufika miezi 6. Swali langu la kwanza kliniki huwa hili: wiki hii unaweza kufanya zaidi ya wiki iliyopita, au umerudi nyuma?

Sababu zake hujumlishana. Damu nyingine hupotea wakati wa upasuaji, na inayobaki huzimuliwa na maji ya mashine inayofanya kazi badala ya moyo na mapafu. Wengi hutoka hospitali na hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ya gramu 8 hadi 10 kwa desilita, na kupanda kwake huchukua wiki kadhaa. Athari za upasuaji mwilini pia hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma, ndiyo maana vidonge vyake havileti nafuu upesi. Misuli ya mapaja nayo hunyong'onyea haraka ukilala kitandani, na usingizi wa kulala chali hukatikakatika.

Kinachowarudisha wengi nyuma ni siku nzuri. Mtu anaamka ana nguvu, anafua, anapanda ngazi, anakaa na wageni hadi usiku. Kesho yake hainuki. Anaogopa kwamba moyo umeharibika tena, anabaki kitandani, na misuli inazidi kulegea. Kwa hiyo nasisitiza utembee kwa kufuata dakika ulizopanga, usifuate jinsi unavyojisikia. Anza na dakika 5 kwenye ardhi tambarare, mara 3 au 4 kwa siku. Ongeza dakika 1 au 2 iwapo mwendo wa jana haukukuacha hoi, ili kufikia wiki ya 6 utembee dakika 30 mfululizo. Unapotembea uweze kusema sentensi nzima. Pumzi ikikata maneno, punguza mwendo. Baada ya kula, subiri saa moja.

Kuoga kunachosha kuliko watu wanavyodhani. Maji ya moto hutanua mishipa, shinikizo la damu hushuka, na mikono iliyoinuliwa huongeza kazi. Tumia maji ya uvuguvugu, oga umekaa kwenye kiti, jifunike taulo na upumzike dakika chache kabla ya kuvaa. Nguo inayofunguka mbele ni rahisi zaidi kwa kifua. Usibebe kitu kinachozidi kilo 5 hadi daktari wako akuruhusu, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 12. Usingizi wa mchana uwe wa dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 9 alasiri, la sivyo utaukosa wa usiku.

Dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kama bisoprololi na metoprololi, nazo hufanya mwili uhisi mzito na kuchoka. Tafadhali usiziache mwenyewe: zikikatwa ghafla mapigo yanaweza kwenda mbio na kifua kuuma. Mwombe daktari apitie kipimo cha dawa au saa ya kumeza. Mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika na unasikia kizunguzungu, piga simu siku hiyohiyo.

Uchovu uliokuwa unapungua kisha ukazidi huhitaji uchunguzi. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Ukiongezeka kilo 1 kwa siku au 2 kwa wiki, huenda ni maji. Kushindwa kupumua ukilala, mapigo yasiyo na mpangilio, homa ya 38, kidonda kutoa usaha au mfupa wa kidari kutoa mlio ukikohoa, yote ni ya kuripoti mara moja. Kuzimia au maumivu makali ya kifua ni ya kukimbizwa hospitali.

Nawaomba ndugu wa mgonjwa wasiuite uchovu huu uvivu. Huzuni baada ya upasuaji wa moyo ni ya kawaida na hujificha ndani yake. Mgonjwa akipoteza hamu ya chakula, maongezi na yale aliyoyapenda kwa wiki 2, iambieni kliniki, maana ina matibabu yake.