Katazo la muda lina meno: yanayosemwa Mwaloni na yaliyo kwenye sheria

Juzi asubuhi pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mama mmoja muuza dagaa alininyooshea simu yake. "Mwanangu, hebu nisomee, hii inaisha lini?" Ilikuwa picha ya tangazo la masharti ya kusafirisha mazao ya uvuvi, ukurasa wa kwanza tu. Magunia yake manane yalishafungwa kamba, yanasubiri lori. Kundi zima la WhatsApp lilikuwa limerushiana ukurasa ule ule, na kila mtu ana tafsiri yake.

"Hii ni ya muda, tuvumilie itapita." Ndiyo dhana inayowaumiza watu wengi. Sheria ya muda ina nguvu kamili siku zote inapokuwa hai. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wavu wa siku ya mwisho ulikuwa kosa sawa na wavu wa siku ya kwanza. Tena Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema kufutwa kwa sheria hakufuti kosa lililotendwa ilipokuwa ikitumika. Katazo linaweza kuondoka, kesi yako ikabaki.

"Wazungu walifunga samaki wetu kwa sababu waliwakuta na kipindupindu." Hili bado linasemwa Mwanza, na linanikera kwa sababu linawasingizia wavuvi wetu. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu kilichokuwa kikienea katika ukanda huu. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kuzuia chakula si njia inayofaa ya kupambana na ugonjwa huo. Katazo liliondolewa katikati ya 1998. Mwaka 1999 likaja jingine, safari hii kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa kuvulia, na hapo lazima tukubali kwamba wenzetu wachache walikuwa wakimwaga sumu ziwani kweli.

Sheria za biashara za dunia zinaruhusu hatua za namna hii. Ibara ya 5.7 ya mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya binadamu, wanyama na mimea inaipa nchi inayonunua haki ya kuzuia kwa muda pale ushahidi wa kisayansi usipotosha, ila inaibana: itafute ushahidi zaidi na iipitie hatua yake upya ndani ya muda unaofaa. Kwa hiyo nchi inayouza nayo ina mlango wa kudai. Ndiyo maana vipimo vya maabara ya ubora wa samaki hapa Nyegezi vina thamani kubwa kwa kila anayepeleka minofu ya sangara nje. Mzozo wa namna hii hujibiwa kwa karatasi za vipimo.

"Waziri kasema redioni, imeshakuwa sheria." Tamko ni dalili tu. Ulizia namba ya tangazo katika Gazeti la Serikali.

"Mwaka ukiisha, nayo imekufa." Wakati mwingine ndivyo. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki nchi inaweza kuruhusiwa kutoza kiwango tofauti na ushuru wa pamoja wa forodha kwa mwaka mmoja, Julai 1 hadi Juni 30. Sukari, kwa mfano, ina ushuru wa pamoja wa asilimia 100, na Tanzania imewahi kupewa nafuu ili kuziba pengo la sukari nchini. Lakini ruhusa hizo huhuishwa, nyingine mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mwenye duka la jumla asipofuatilia kila Juni anaagiza kwa hesabu za zamani. Wazee watakumbuka pia 1983, msako wa walanguzi: ilitungwa sheria yenye masharti maalumu dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na nyingine. Hiyo ya 1984 ndiyo sheria ya uhujumu uchumi, Sura ya 200, tunayoishi nayo hadi leo.

Tangazo la yule mama nililipata zima kwa afisa uvuvi. Kipengele cha muda kilikuwa ukurasa wa pili, mstari wa tatu kutoka chini. Nilipomsomea, aliomba kalamu ya wino mzito, akaiandika tarehe ubavuni mwa gunia la kwanza.